Mfereji wa nne uliojificha

Mama mmoja muuza sambaza (dagaa wa Ziwa Kivu) wa Kadutu, hapa Bukavu, alirudi kwangu na gego la juu nililolitibu mizizi mwenyewe miezi minane kabla: kusafisha mifereji ya neva iliyo ndani ya mizizi na kuijaza. "Dokta, si ulisema imeisha?" Akitafuna, linauma. Nikapiga radio (picha ya eksirei): mizizi mitatu, imejazwa mpaka mwisho, inapendeza. Kidogo nimwambie avumilie.

Nikapiga nyingine, mrija wa mashine nimeusogeza pembeni kama digrii 20. Hapo ndipo nilipoaibika. Kwenye mzizi wa mbele upande wa shavu, gutapacha, ule utomvu mgumu wa kujazia mfereji, ilikuwa imeegemea upande mmoja badala ya kukaa katikati. Ukiona hivyo, huo mzizi una mfereji mwingine.

Wenzangu, gego la kwanza la juu lihesabuni lina mifereji minne mpaka lenyewe liwakatalie. Wa nne utafute kwenye mstari kutoka mfereji wa mbele wa shavuni kwenda ule wa kaakaa, milimita 2 au 3 hivi toka ule wa shavuni, mara nyingi umesogea mbele ya mstari kidogo. Mimi nilikuwa nimefungua tundu la pembetatu. Jino hili linataka pembe nne.

Mdomo wa mfereji huo wa nne hufunikwa na ukingo wa dentini, tabaka gumu la ndani ya jino. Sakafu ya jino ina rangi nzito, kuta ni nyeupe, na midomo ya mifereji hukaa zinapokutana. Nikaukwangua ukingo kwa ncha ya ultrasoniki (inayotetemeka kasi sana), kidogo kidogo, napumzisha jino lisipate moto, napuliza unga. (Darubini sina. Nina miwani ya kukuza na taa ya kichwani ya betri, maana umeme wa mtaani kwetu una mambo yake.) Unga ukabaki umenasa sehemu moja, kijinukta cheupe. Mpira wa kulitenga jino na mate ukiwa umefungwa vizuri, nikatia hipokloriti, dawa ya kuoshea mifereji, nikatulia. Viputo vikaanza kupanda kutoka pale pale, kimoja kimoja, kama soda. Faili namba 8, kisindano chembamba cha kusafishia mfereji, ikaingia, ikang'ang'ania.

Ukichimba milimita 2 hujaona kitu, simama upige radio. Kutoboa sakafu ni rahisi kuliko unavyodhani. Magego ya chini nayo, chunguza mzizi wa nyuma: mara nyingine una mifereji miwili.

Niliweka hidroksidi ya kalsiamu, dawa ya kuua vijidudu ndani ya mfereji, nikamwita baada ya wiki mbili. Alikuja anatafuna karanga, upande ule ule.