Usiyafungue makopo ya epoksi kabla ya kulaza nailoni

Usiyafungue makopo hayo. Ndugu yangu, umeandika kwamba umehamia Minneapolis, Marekani, kwamba gereji ya nyumba yako haina hita, kwamba theluji inayodondoka kutoka kwenye gari ilikuachia madimbwi na madoa meupe ya chumvi inayomwagwa barabarani kuyeyusha barafu, majira ya baridi yaliyopita, na kwamba Jumamosi hii unakusudia kupaka sakafu nzima rangi ya epoksi, ile ya makopo mawili yanayochanganywa ikakauka ngumu kama plastiki, ili maji yasipate pa kuingia. Umeuliza pia kuhusu mkeka wa kuegeshea gari, hita ya kununua, namna ya kuondoa madoa na chumvi ipi imwagwe mlangoni. Baadhi ya hayo nitayagusa mwishoni, lakini hiyo Jumamosi yako imenikosesha raha, kwa sababu maneno hayohayo nilimwambia mke wangu mwishoni mwa Oktoba 2019, hapa St. Paul, mji jirani na wako, nikiwa tayari nimeshika brashi.

Mimi nimekulia Tanga. Kwetu maji sakafuni yalikuwa na maana moja tu, kwamba kuna mtu anapiga deki, na dawa yake ilikuwa kuacha mlango wazi. Kwa hiyo nilipomweleza muuzaji dukani kwamba sakafu ya gereji yangu haikauki, naye akanijibu kwa uhakika wa daktari bingwa kwamba epoksi haipitishi maji na mambo yatakuwa yamekwisha, nilimwamini. Hakuuliza nyumba ina umri gani wala kilichopo chini ya zege. Swali lake la pekee lilikuwa kama ningelipa kwa kadi. Kusema kweli hakudanganya, kwa maana epoksi haipitishi maji kweli. Alichoninyima ni habari kwamba haipitishi kutoka upande wowote, na maji yangu mengi yalikuwa yanatoka chini.

Nyumba yetu ilijengwa miaka ya 1950, na zege la gereji lilimwagwa juu ya udongo bila karatasi ya nailoni ya kuzuia unyevu. Zege hata lionekane gumu namna gani lina vinyweleo, na mvuke wa ardhini hupanda humo taratibu na kutokea juu bila mtu kuuona. Ukilifunika kwa rangi isiyopumua, umefanya kile kinachofanywa na mfuniko wa sufuria ya wali: unyevu unakusanyika chini yake na kutafuta pa kutokea.

Nami niliongeza maji yangu mwenyewe. Ndani ya boksi la rangi mlikuwa na pakiti ya unga wa asidi wa kukwaruza zege ili rangi ishike, nikautumia, nikasuuza sakafu kwa mpira wa bustani kwa saa nzima, na kesho yake asubuhi nikaanza kupaka kwa kuwa juu palionekana pakavu. Maelekezo ya kopo yalitaka sakafu iwe na joto lisilopungua nyuzi 10 za Selsiasi, ilhali siku ile pumzi yangu ilikuwa ikionekana kama moshi wa kuni mbichi. Maelekezo hayo niliyasoma Februari.

Kwa wiki tano sakafu ilimeta, nikawatumia ndugu zangu picha. Kabla ya Krismasi yakaanza malengelenge madogo karibu na ukuta, ukiyabonyeza kwa kidole yanatoa tone la maji. Yalipopasuka, maji ya chumvi kutoka kwenye gari yakaingia chini ya rangi, na usiku yakaganda. Kwa kuwa maji yakiganda hutanuka kwa takriban asilimia 9, yaliibandua rangi pamoja na ngozi ya juu ya zege lenyewe. Asubuhi moja ya Januari niliwasha gari na kurudi nyuma, nikasikia sauti kama ya kitambaa kinachochanwa. Matairi yalikuwa yameganda sakafuni usiku kucha, na sasa yalikuwa yakiondoka na vipande vya kijivu vyenye ukubwa wa chapati, vimeng'ang'ania mpira. Pale ambapo rangi ilibaki, palikuwa na utelezi wa sabuni kila palipolowa, na ndipo nilipoanguka na mfuko wa sembe wa kilo 10. Watoto waliofika mbio wanasema sikutofautiana na theluji.

Makopo yalinigharimu dola 260. Fundi wa kuisaga sakafu ili kuondoa mabaki alichukua dola 1,400, na alinifundisha bure jambo ambalo muuzaji alipaswa kuniambia kabla hajachukua kadi yangu.

Kata kipande cha nailoni nzito inayopitisha nuru, sentimita 45 kwa 45, ukibandike sakafuni kwa utepe imara pande zote nne, pasibaki upenyo hata wa sindano. Kiache saa 16 kwa uchache. Mimi hukiacha siku mbili. Weka kimoja katikati, kimoja pembeni karibu na ukuta, na kingine penye doa linalochelewa kukauka. Ukifunua ukakuta matone, au zege limekuwa jeusi kuliko jirani yake, usipake. Ukikuta pakavu, bado rudia wakati wa majira ya kuchipua theluji inapoyeyuka na ardhi imeshiba maji, kwa sababu sakafu inayofaulu mwezi huu inaweza kufeli Aprili.

Sakafu yangu haijapakwa tangu hapo. Niliinyunyizia dawa ya silani, ambayo hupenya kwenye zege, hufukuza maji ya juu na bado huacha mvuke utoke. Gari hulala juu ya mkeka wa plastiki wenye kingo zilizoinuka, nami hugonga theluji ya kwenye matao ya matairi nje kabla ya kuingia, kisha asubuhi husukuma maji ya mkekani hadi nje kwa mpini wenye ubapa wa mpira. Na kama mlangoni unamwaga kloridi ya kalsiamu, mojawapo ya chumvi za kuyeyusha barafu, fahamu kwamba hiyo hufyonza unyevu wa hewani, na huenda ndiyo inayofanya sakafu yako ionekane imelowa hata siku ambayo gari halikutoka.

Makopo ambayo hayajafunguliwa maduka mengi huyapokea ukiwa na risiti. Lakini ukishachanganya lile la kwanza na la pili, rangi imeshaanza kuwa ngumu na hakuna wa kukurudishia kitu. Nailoni laza leo jioni, ufunue Alhamisi.