Mwanangu, sikupewa: ni mirathi

Mwanangu, assalamu alaikum.

Nimeupata ujumbe wako. Uliwaandikia ndugu zako kuhusu "ile mikarafuu mitano Mama aliyopewa urithi na Mjomba", nami nikajibu maneno matatu tu: sikupewa, ni mirathi. Sasa unaniuliza urithi na mirathi vina tofauti gani, si yote mamoja?

Mzizi wao mmoja, wa Kiarabu, na watu wengi huyabadilishana. Lakini urithi ni neno pana. Wewe umerithi sauti ya babu yako, na huo ni urithi. Mji Mkongwe wa Unguja umo katika Urithi wa Dunia tangu mwaka 2000. Husikii mtu akisema mirathi ya sauti. Mirathi ni mali ya maiti, yenye hesabu na wenyewe, na kwetu Pemba wakigombana hupelekana kwa Kadhi.

Babu yako alipofariki, wewe ungali chuoni unasoma juzuu, aliacha mikarafuu arubaini, mjane, wana wawili wa kiume na watatu wa kike. Mjomba wako mkubwa akasema Babu alimuusia shamba lote, na sisi tulioolewa tuna waume zetu. Sheikh akamsikiliza mpaka mwisho, kisha akamwambia: wasia hauzidi thuluthi ya mali, yaani moja ya tatu, na mrithi hausiwi ila wenziwe waridhie. Akatutazama mmoja mmoja. Sikuridhia. Mwanangu, kulitamka neno lile mbele ya kaka yangu kulinitoa jasho.

Halafu Sheikh akauliza madeni. Deni la duka tulilijua. Bibi yako akanyamaza, kisha akasema polepole kwamba nusu ya mahari yake hajaipata mpaka leo. Miaka yote ile! Mahari iliyobaki ni deni kama deni jingine, hulipwa kabla ya warithi kugusa kitu, basi karafuu za msimu ule zikauzwa, likalipwa la duka na lake kwanza. Na fungu lake la mjane likabaki pale pale.

Ndipo tukagawa. Mume akiacha watoto, mke hupata thumni, yaani moja ya nane. Saba zilizobaki, mwanamume mafungu mawili, mwanamke moja. Bibi mitano, wajomba zako kumi kumi, sisi wanawake mitano mitano. Ilipangwa kwa thamani pia, maana mkarafuu mkongwe haulingani na mche.

Kwa hiyo ukiandika "aliyopewa na Mjomba", unaifanya haki yangu kuwa hisani yake. Yeye hakunipa. Fungu lile lilikuwa langu tangu Babu alipokata roho.

Mitano yangu iko upande wa kisimani. Mmoja umeanguka kwa upepo, nimeshapanda mche mahali pake. Ukija msimu wa karafuu nitakuonesha mpaka wake.

Mama yako.