Maswali na Majibu: Kwanza Niambie Mwaka

Wiki hii karibu barua zote ni za nguo za kale. Nimezifupisha.

Kikundi chetu hapa Bagamoyo kinaandaa igizo la msafara wa miaka ya 1870. Nataka nifume kwa mkono nguo za wapagazi wote na kuzitia rangi za miti. Nianzie wapi?

Anza kwa kukiweka kando kitanda cha mfumi, yaani chombo cha kufumia nguo. Mpagazi aliyetoka Bagamoyo miaka hiyo alivaa merikani, na begani alibeba marobota ya merikani hiyohiyo, pamoja na kaniki na ushanga. Merikani ilikuwa pamba nzito isiyopaushwa, iliyofumwa kwa mashine huko Marekani, na jina lenyewe linasema. Ukiwavisha watu wako nguo za kufumwa kwa mkono utatoka jasho la bure, na bado utakuwa umekosea. Nunua pamba nzito ya dukani ambayo haijapaushwa. Kwa kaniki, tafuta bluu iliyokolea hadi kukaribia weusi.

Kila anayeniandikia anataka kitu "cha asili", nami kila mara namuuliza mwaka kwanza.

Naishi jirani na magofu ya Kaole. Je, kabla ya Wareno hawajafika, watu wa pwani walikuwa wakifuma wenyewe?

Ndiyo, na hapa kitanda kirudi. Ibn Battuta, msafiri wa Morocco aliyepita Mogadishu mwaka 1331, aliandika kwamba vitambaa vya huko vilisafirishwa hadi Misri. Kilwa wachimbaji wa mambo ya kale wamefukua vigae vya vyungu vilivyochongwa duara na kutobolewa katikati. Hivyo vilivishwa kwenye kijiti cha kusokotea uzi, ili uzito wake ukifanye kizunguke bila kusita. Kigae cha chungu kilichovunjika jikoni kwako kinatosha kutengeneza kimoja.

Kinachonivutia zaidi ni habari ya Sofala, Msumbiji. Mreno Duarte Barbosa, mwanzoni mwa karne ya 16, anasema wafumi wa huko walikuwa na pamba yao nyeupe, lakini hawakuwa na rangi ya kuitia. Basi walinunua vitambaa vya bluu kutoka Gujarat, wakavifumua uzi kwa uzi, kisha wakafuma upya wakichanganya bluu na nyeupe yao. Nilijaribu na kitambaa cha viganja viwili. Asubuhi nzima nilikuwa nikivuta mshindio, yaani uzi unaopita kwa upana wa kitambaa, unakatika, naunga, unakatika tena. Kufika adhuhuri nilikuwa na kidonge cha uzi kisichozidi limau. Tangu siku hiyo nikiona mstari wa bluu kwenye nguo nauheshimu.

Nilitia kitambaa rangi ya manjano ya jikoni, kikang'aa kweli. Nimekianika wiki moja tu, kimepauka. Nimekosea nini?

Hukukosea, manjano ndivyo yalivyo: hayana urafiki na jua, na hata shabu, ile chumvi ya kushikizia rangi, haiyaokoi. Tumia maganda ya komamanga. Kwanza chemsha kitambaa kwa sabuni na magadi kitoke wanga na mafuta, maana pamba ya dukani hukataa rangi. Kisha kiloweke usiku kucha kwenye maji ya maganda yaliyochemshwa, kikamue, ukitie kwenye maji ya shabu, halafu ukirudishe kwenye maganda. Utapata manjano iliyotulia, ya udongo zaidi kuliko ya dhahabu. Haing'ai kama ile yako, ila inakaa.

Na nyeusi je? Bibi yangu Pangani alikuwa na ukindu mweusi ambao haukutoka rangi.

Huenda bibi alitumia mdaa, mmea wa kutia rangi nyeusi. Mizizi yake hupondwa na kuchemshwa pamoja na ukindu, na weusi wake una ukahawia kwa mbali ukiutazama juani. Kwa pamba, maji yaleyale ya komamanga ukiyatia chuma yanageuka meusi mbele ya macho yako. Lakini chuma kwa kiasi! Mimi niliwahi kuacha misumari yenye kutu ndani ya sufuria usiku kucha, pamoja na shuka. Likatoka jeusi la kupendeza, nikalikunja kabatini. Miezi michache baadaye nilipolifungua lilikatika kwenye kila mkunjo, kama karatasi kuukuu. Chuma kikizidi kinakula uzi.

Mzingefuri, ule mti wenye mbegu za rangi nyekundu, unafaa kwa vazi la karne ya 14?

Hapana. Mti huo asili yake ni Amerika, na wakati huo hakuna aliyekuwa ameuleta huku.

Nikachune magome ya mkoko ufukweni nipate rangi nyekundu?

Rangi ipo, tena nzuri, nyekundu ya matofali. Ila mikoko ni hifadhi kisheria na mti uliochunwa gome kuzunguka shina lote hufa. Waulize mafundi wanaofanya kazi na boriti zilizovunwa kwa kibali kama wana maganda wanayotupa. Gunia moja litakutosha mwaka mzima.