Ramani gani ubebe ukitoka Goma kwa miguu

Mvua za mwezi wa tano zikianza kupungua, simu yangu huanza kulia. Ni vijana wa kwaya yetu, wanafunzi, mara nyingine mgeni aliyepewa namba yangu na mtu, na swali ni lile lile: "Yaya, tuchukue karte gani?" Sisi huku ramani tunaiita karte, na yaya ni kaka au dada mkubwa. Kuanzia mwezi wa sita hadi wa nane ardhi inakauka, na kila mwenye miguu mizima anatamani kutoka mjini kwetu Goma, mashariki mwa Kongo. Nimekuwa nikimjibu mmoja mmoja kwa miaka mingi, leo nayaandika yote mahali pamoja.

Kwanza niwaambie siku niliyopotea. Ilikuwa mwezi wa nane 2021, miezi mitatu baada ya volkano yetu, Nyiragongo, kulipuka usiku wa tarehe 22 mwezi wa tano. Nilitoka Munigi na wadogo zangu wawili kuelekea Kibati, tukifuata kijia kilichochorwa vizuri kabisa kwenye simu, mstari wa vitone usio na shaka yoyote. Ramani ile nilikuwa nimeipakua mwaka mmoja kabla. Tulipita kati ya mashamba ya maharage, mimi nikiangalia kitone cha buluu kinavyotembea juu ya mstari, roho imetulia. Halafu shamba likakatika. Mbele yetu palisimama ukuta wa mawe meusi, mapya, makali kama chupa iliyopasuka. Kwenye simu kijia kiliendelea mbele kama kawaida.

Nikasema tupande juu yake, upande wa pili tutakikuta tena. Hilo ndilo kosa langu. Baada ya dakika ishirini tulikuwa tumesogea labda mita mia mbili, soli ya kiatu cha mdogo wangu imechanika kuanzia kisigino hadi katikati, na mwingine anavuja damu kiganjani kwa sababu alijishika asianguke. Tukarudi. Pembeni ya shamba kulikuwa na mama mzee akipalilia. Alitutazama tunavyochechemea, akaegemea jembe lake, akasema: "Wanangu, ile njia ilishakufa na volkano. Muzungukie kule kwa mikaratusi, watu wote wanapitia kule sasa."

Njia ilishakufa. Tangu siku ile, nikishika ramani yoyote ya huku kwetu, au kitabu cha mwongozo, kabla ya bei na kabla ya uzuri wa rangi natafuta mwaka. Na mwaka ninaoutafuta ni ule ambao mtu alipita pale kwa miguu akapima au akaandika alichokiona, maana kitabu kinaweza kuchapishwa upya mara tatu huku habari za ndani ni zile zile. Mlima wetu ulilipuka 1977, ukalipuka 2002, ukalipuka 2021. Ule wa Januari 2002 lava ilipita katikati ya mji hadi ikaingia ziwani, ikafunika mitaa mizima na sehemu ya uwanja wa ndege. Mwaka 2021 ilikata barabara ya Rutshuru na kusimama karibu na uwanja huo huo. Andika miaka hiyo mitatu nyuma ya ramani yako. Ukijua ramani imetoka kabla ya mwaka upi kati ya hiyo, unajua ni vijia vipi usiviamini.

Haina maana kwamba ramani ya zamani ni ya kutupa. Ninayoitumia mimi ni fotokopi ya ramani ya kipimo cha 1:50,000 iliyopimwa enzi za Wabelgiji, na mistari yake ya kimo, ile inayounganisha mahali penye kimo kimoja, inanisaidia mpaka leo, kwa sababu vilima vya Masisi havijahama. Vijia vyake tu ndivyo vya zamani, vya babu zetu.

Lakini hapo kwenye fotokopi kuna mtego ambao umewakamata wengi, na mimi nikiwemo. Ramani ya asili ni karatasi kubwa. Unaipeleka dukani, kijana anakuambia mashine yake inatoa A4 tu, anaipunguza kutoka A3 hadi A4, unalipa, unaondoka umefurahi. Chini ya karatasi bado pameandikwa 1:50,000, na wewe unapima kwa rula ukijua sentimita 2 ni kilomita 1. Si kweli tena. Ukipunguza A3 kuwa A4, kila urefu unabaki asilimia 71 tu, kwa hiyo ramani yako sasa ni kama 1:70,000, na zile sentimita 2 ni kilomita 1.4. Kwa safari uliyoipima kuwa kilomita 10 utatembea 14. Kwa watoto wa kwaya wenye chupa moja moja ya maji, kilomita nne za ziada ni jambo zito. Usiitazame ile namba. Tazama kile kijistari cha kipimo kilichochorwa chini, chenye alama za kilomita: kinapungua pamoja na ramani, kwa hiyo hakidanganyi. Na ukikuta mtu wa fotokopi amekikata ukingoni, mwambie arudie.

Jambo la pili la fotokopi ni rangi. Mashine ya nyeusi na nyeupe inafanya mto, mstari wa kimo na kijia vyote vifanane. Kabla ya safari mimi hukaa mezani na kalamu za biki mbili, ya buluu na nyekundu, nafuata mito yote kwa buluu, polepole, kisha vijia ninavyovijua kwa nyekundu. Inachukua jioni moja. Jioni hiyo ndiyo inayoniingiza ramani kichwani, na mara nyingi njiani sihitaji hata kuifungua.

Vitabu vya mwongozo nilivijua kupitia migongo ya watu wengine. Mwaka 2019 nilibeba mizigo ya wageni kwenye Nyiragongo mara kadhaa. Wakati ule hukuweza kupanda bila ruhusa na walinzi wa mbuga, na hata leo mtu asijaribu kupanda kwa njia nyingine yoyote, kwa hiyo ramani haikuwa ya lazima. Bado karibu kila mgeni alikuwa na kitu chake. Wengine walibeba kitabu kizima, kinene, cha nchi nzima, wakakisoma kwenye gari na hawakukitoa tena. Wengine walichana kurasa wanazozihitaji. Vijana walitegemea simu. Namkumbuka zaidi mama mmoja mtu mzima aliyekuja na kijidaftari kidogo cha shule. Alikuwa amenakili kutoka kwenye kitabu chake majina ya mahali pa kupumzikia na kimo cha kila pahali, akaacha safu tupu pembeni. Kila tuliposimama alitazama saa, akaandika. Tulipofika kituo cha pili alikuwa ameshaujua mwendo wake mwenyewe, akatuambia sisi wapagazi tutafika ukingoni mwa kreta, lile shimo la juu ya mlima, saa ngapi. Tulichelewa kwa dakika kumi tu.

Wale waliosoma neno "kilomita 8" na kuishia hapo ndio waliolia njiani. Kilomita 8 kwenye tambarare ni kitu kidogo. Lakini unaanza Kibati kwenye kimo kisichofika mita 2,000, na ukingo wa kreta uko mita 3,470, yaani unapanda karibu mita 1,500. Kuna hesabu aliyoitoa mpanda milima wa Scotland, William Naismith, mwaka 1892; kwa vipimo vya leo inakuwa saa moja kwa kila kilomita 5, kisha ongeza saa moja kwa kila mita 600 unazopanda. Piga: kilomita 8 ni saa moja na dakika 36, mita 1,500 ni saa mbili na nusu. Jumla ni saa nne na ushee, bila kupumzika, bila kula, bila kumngoja aliyechoka. Ndiyo maana watu walichukua saa nne hadi sita. Kwa hiyo kati ya vitabu viwili, chukua kinachokupa kimo cha kuanzia, kimo cha kufikia na saa. Kinachokupa kilomita peke yake kiache dukani, hata kama picha zake zinapendeza.

Angalia pia kinavyotoa maelekezo. "Ufike penye jiwe kubwa, ushike kushoto." Sawa, ukipanda. Ukishuka, kushoto kumekuwa kulia, na wakati wa kushuka ndipo umechoka na giza linaingia. Hapa kwetu saa kumi na mbili na nusu jioni huoni tena unapokanyaga. Mwandishi anayesema "kaskazini" au "upande wa ziwa" anakusaidia kwenda na kurudi. Nikipata kitabu cha kushoto na kulia, nakisahihisha kwa penseli kabla ya kuondoka.

Kuhusu simu, wengi hapa wanaamini GPS inakula mega, yaani bando la data. Haili. Simu inapokea mawimbi ya setilaiti, na hiyo ni bure. Kinachokula mega ni kupakua ramani yenyewe. Pakua nyumbani, kisha ukiwa njiani zima data na uihifadhi betri, maana baridi ya juu inaimaliza haraka. Mimi natumia programu zinazochota kwenye OpenStreetMap, ramani ya bure ya mtandaoni, kama OsmAnd na Organic Maps, kwa sababu moja kubwa: mtu yeyote anaweza kuisahihisha. Baada ya siku ile ya Munigi niliingia, nikafuta kipande cha kijia kilichokufa, nikachora kile cha mikaratusi.

Mkitumiana namba za mahali, muwe waangalifu. Nyiragongo iko nyuzi 1.52 kusini mwa ikweta. Ukisahau alama ya kutoa mbele ya 1.52, simu inakupeleka kaskazini mwa ikweta, zaidi ya kilomita 330 kutoka mlimani. Na 1.52 haisomwi "nyuzi 1 na dakika 52". Kwa dakika ni nyuzi 1 na dakika 31. Kosa hilo dogo linakusogeza karibu kilomita 39 kusini. Nimeona mtu akibishana na simu nusu saa nzima kwa ajili ya nukta hiyo.

Sasa kuna kitu ambacho sijakiona kwenye ramani yoyote ya matembezi iliyopita mikononi mwangu, nacho kinaua. Mazuku. Wataalamu wa volkano wa nchi nyingine wamelichukua neno letu hili hili na kulitumia katika maandishi yao, lakini mgeni mwenye kitabu kizuri anaweza kupiga hema juu yake. Ni hewa ya kaboni dioksidi inayotoka ardhini. Ni nzito kuliko hewa ya kawaida, kwa hiyo inajikusanya mabondeni na kwenye mashimo, hasa usiku na alfajiri upepo ukiwa umelala. Haina rangi. Upande wa magharibi mwa mji, Mugunga, Bulengo, kuelekea Lac Vert, ipo sehemu nyingi, na wenyeji wanazijua: pale ambapo nyasi zimekauka bila sababu na wadudu wamelala wamekufa. Ukiona mbuzi amelala shimoni hatikisiki, usishuke kumtoa. Watu wamekufa hivyo. Kabla ya kupiga hema upande huo, muulize mwenye shamba au chefu, yaani kiongozi, wa nyumba kumi, "Mazuku iko wapi hapa?" Kisha kwa kalamu nyekundu uitie duara.

Majina nayo yanasumbua. Kitabu kimoja kinaandika Nyamulagira, kingine Nyamuragira. Kyeshero na Keshero ni pamoja. Ukitafuta kwenye simu usipate, badilisha l na r kabla ya kukata tamaa. Na ukiuliza njia, litaje jina kwa mdomo kabla ya kukunjua karatasi. Kukunjua ramani kubwa mbele ya kizuizi, mbele ya watu wenye silaha, kunazaa maswali ambayo hutaki kuyajibu, na mwenye GPS mkononi anaonekana ana kazi nyingine. Mimi nakunja yangu hadi ukubwa wa kitabu cha nyimbo, naitia ndani ya sashe safi, mfuko wa plastiki, naiweka kifuani. Naitazama nikiwa nimekaa, mbali na barabara. Na kijiji chochote ninachokipita kwa mara ya kwanza naanza kwa chefu, namsalimia, namwambia tumetoka wapi na tunakwenda wapi. Yeye ndiye anayejua njia iliyokufa wiki iliyopita.

Vijana wakija kuomba karte, nawapa nakala ya ukubwa kamili na kuwadai kitu kimoja: wairudishe ikiwa imeandikwa. Kiangazi kilichopita binti mmoja aliirudisha imelowa pembe moja, na pembeni ameandika kwa herufi ndogo: "Daraja la miti limebebwa na mto. Shuka chini hadi kwa mama anayeuza mandazi, vukia hapo, maji ni ya magotini." Nimelihamishia kwenye yangu, pamoja na tarehe.