Mguu Mmoja Umevimba: Usiukande, Upimwe

Wasomaji kadhaa wametuandikia kuhusu damu kuganda katika mishipa ya ndani ya mguu. Maswali tumeyafupisha.

SWALI: Nimejifungua kwa upasuaji wiki mbili zilizopita. Mguu wa kushoto umevimba, na shavu la mguu linavuta nikisimama. Mama mkwe anasema ni kawaida ya mzazi na ananikanda kwa maji ya moto. Tuendelee?

JIBU: Hapana, dada. Acheni kukanda, na uende hospitali leo hii. Uvimbe wa kawaida wa uzazi hushika miguu yote miwili. Ukivimba mmoja tu, tunashuku bonge la damu mpaka kipimo kikatae.

Nawe una sababu za kutosha. Wakati wa ujauzito damu huwa rahisi kuganda, ndivyo mwili unavyojikinga na kuvuja damu nyingi siku ya kujifungua. Hali hiyo haiishi mtoto akishatoka: wiki 6 za kwanza ndizo za hatari zaidi. Ongeza upasuaji na siku za kulala kitandani, damu ya miguuni ikienda polepole. Hata huo upande wa kushoto si ajabu. Ndani ya nyonga, vena (mshipa unaorudisha damu moyoni) ya mguu wa kushoto hupita chini ya ateri (mshipa unaotoa damu moyoni) inayoibana, na wajawazito wengi wenye tatizo hili hulipata kushoto.

Daktari atapima unene wa miguu, jambo unaloweza kulifanya hata nyumbani mradi lisikucheleweshe. Tafuta ile nundu ya mfupa iliyo mbele, chini kidogo ya goti. Shuka sentimita 10, weka alama kwa kalamu, kisha zungusha utepe wa fundi cherehani bila kuukaza. Rudia mguu wa pili. Tofauti ikizidi sentimita 3, hicho ni kimojawapo cha vigezo vinavyotumika kukadiria hatari. Ikiwa ndogo zaidi, bado nenda. Gusa pia kwa mgongo wa kiganja: mguu wenye bonge mara nyingi huwa na joto kuliko mwenzake. Kwenye ngozi nyeusi usitegemee kuona wekundu. Na usisubiri maumivu makali, maana wapo ambao hawasikii chochote.

Kukanda tunakukataza kwa sababu bonge likimeguka husafiri na damu, hupita kwenye moyo na kukwama kwenye mapafu. Ukipata pumzi fupi ya ghafla, kifua kinachochoma ukivuta pumzi, kikohozi chenye damu, moyo kwenda mbio au kuzirai, hapo ni idara ya dharura moja kwa moja, usiku au mchana.

SWALI: Baba amefanyiwa ultrasaundi ya mguu, wakasema hawaoni bonge, lakini wanamtaka arudi baada ya wiki. Si kupoteza fedha huko?

JIBU: Si kupoteza. Mpimaji hubonyeza kifaa juu ya vena: iliyo nzima hubanwa ikafumba kabisa, yenye bonge hukataa kufumba. Kwenye paja na nyuma ya goti jambo hili huonekana vizuri. Chini, kwenye shavu la mguu, mishipa ni midogo na bonge linaweza lisionekane leo, kisha likapanda hadi pajani siku chache baadaye. Mpeleke arudi. Akizidi kuvimba kabla ya tarehe, msingoje tarehe.

SWALI: Nina safari ya ndege itakayochukua muda wa saa 9. Nimeze aspirini?

JIBU: Kwa ajili ya safari tu, hapana. Hatari huanza kuongezeka safari ikizidi saa 4, ila kwa mtu mwenye afya hubaki ndogo. Chagua kiti cha pembeni mwa njia, inuka utembee kila baada ya saa moja au mbili, na ukiwa umekaa kunja na kunjua vifundo vya miguu. Dawa ya usingizi iache. Ikiwa uliwahi kugandisha damu, una saratani, umetoka kufanyiwa upasuaji au unatumia vidonge vya uzazi wa mpango vyenye estrojeni, muone daktari kabla ya kusafiri: huenda akakupa soksi maalumu za kubana, zinazoishia chini ya goti.

SWALI: Natumia rivaroxaban, dawa ya kuzuia damu kuganda, wiki ya tano sasa. Mguu umepona. Naweza kuacha?

JIBU: Usiache. Watu huziita dawa za kuyeyusha damu, lakini haziyeyushi bonge. Zinalizuia lisikue wakati mwili wenyewe unalivunja polepole, na kazi hiyo huchukua miezi. Matibabu kwa kawaida hayapungui miezi 3, na daktari ndiye atakayeamua kama yaendelee.

Kagua na dozi yako. Kwa kawaida huanza na miligramu 15 mara mbili kwa siku kwa siku 21, kisha miligramu 20 mara moja kwa siku. Hapo kwenye siku ya 21 ndipo wengi wanapokosea: mmoja hudhani pakiti ikiisha tiba imeisha, mwingine huendelea na dozi mbili akavuja damu. Vidonge hivi vimeze pamoja na chakula, kwani tumbo tupu haliifyonzi dawa ya kutosha. Wanaotumia warfarini, dawa nyingine ya kuzuia damu kuganda, wao hupimwa INR, kipimo cha muda ambao damu huchukua kuganda, ambayo mara nyingi hutakiwa iwe kati ya 2 na 3.

Kwa maumivu madogo meza parasetamoli. Ibuprofeni na diklofenaki huongeza hatari ya kuvuja damu. Kinyesi kikiwa cheusi kama lami, au ukiangukia kichwa hata bila jeraha, nenda hospitali. Ukienda kung'oa jino, mwambie daktari wa meno mapema kuhusu dawa hii, wala usiisimamishe mwenyewe siku ya miadi.