Sista Anajibu: Mtazame Mgonjwa Kabla ya Mashine

Sista, kipima oksijeni cha kidoleni kinasoma 94 na baba anahema sana. Niamini kipi? (Kayole)

Amini anavyohema. Mpeleke hospitali sasa hivi, mengine utayasoma njiani.

Kifaa hicho hupitisha mwanga kwenye ngozi. Utafiti wa Marekani uliochapishwa Desemba 2020 ulionyesha kwamba kwa wagonjwa weusi kilikosa kuona upungufu wa oksijeni karibu mara tatu zaidi kuliko kwa wazungu. Wagonjwa wetu wengi ni weusi. Vidole baridi na rangi ya kucha navyo hukivuruga. Niliwahi kupokea zamu ya usiku nikamkuta mzee anasoma 94 hiyohiyo, na mwanafunzi ameshajaza kwenye tableti kwamba hali ni nzuri. Nikashika saa yangu ya kifuani, nikatazama kifua kikipanda na kushuka dakika nzima: pumzi 34, nyingi mno. Mzee hakuweza kusema "naomba maji" bila kukatika katikati. Enyi wanafunzi mnaonisoma, hesabuni pumzi dakika nzima, si sekunde 15 mara nne.

Je, kompyuta zitachukua kazi ya manesi? (Wengi)

Hapana. Nimelijibu hili mara nyingi mno. Kompyuta haimgeuzi mgonjwa kila saa mbili asipate vidonda vya kulalia.

Mashine yangu ya presha hunipa namba tofauti kila nikipima. Ni mbovu? (Umoja)

Huenda ni wewe. Keti dakika 5, egemeza mgongo, nyayo sakafuni, mkono juu ya meza usawa wa moyo, mkanda kwenye ngozi wala si juu ya sweta. Usiongee. Pima mara mbili, andika zote. Na usiache dawa kwa sababu leo namba imependeza.

Nikutumie kwa WhatsApp picha ya kidonda cha jirani? (Kibra)

Usinitumie, na uifute. Jirani amekubali? Sheria ya Kenya ya Kulinda Data ya 2019 inazihesabu habari za afya kuwa nyeti, na hata wauguzi wenzangu wanaorusha picha za wodi kwenye magrupu inawahusu. Mlete jirani kliniki. Kidonda lazima kinuswe, kiguswe pembeni kama kina joto, na mwenyewe aulizwe kinauma lini.