Gari la umeme la Apple, arubuni ya dalali, na Leaf iliyoko yadi

SWALI: Assalam aleikum fundi. Kuna video zinazunguka kwenye simu zikionyesha gari la umeme la Apple, ati liko njiani ila kampuni bado hailitangazi. Dalali mmoja hapa mjini anataka nitoe arubuni ya shilingi 50,000 aniandike mapema. Nilikuwa nimekusudia kununua Nissan Leaf ya 2018, gari la umeme lililokwisha kutumika, iliyoko kwenye yadi hapa Mombasa. Nifuate lipi? Na fununu kama hizi mtu atajuaje kwamba zina ukweli? Msomaji, Bamburi.

JIBU: Waaleikum salaam ndugu yangu. Hiyo 50,000 ibaki mfukoni mwako. Mradi wa gari wa Apple ulikuwapo kweli. Ulijulikana kwa jina la Titan, ulianza mwaka 2014, na mwishoni mwa Februari 2024 wafanyakazi wake karibu 2,000 waliambiwa umefungwa. Miaka yote hiyo kampuni haikutangaza gari, haikutaja bei wala haikupokea oda hata moja. Picha za kwenye video ni michoro ya kompyuta ya watu wa nje waliokisia umbo lake, na nyingi ni za zamani. Apple haina hata duka lake la simu hapa Kenya, seuze wakala wa magari. Dalali huyo anakuuzia nafasi kwenye foleni isiyokuwapo.

Swali lako la pili lina manufaa zaidi, kwani fununu ya kesho itakuwa ya kampuni nyingine.

Anza na leseni za majaribio, maana ndizo hupotosha wengi. Aprili 2017 idara ya magari ya jimbo la California iliipa Apple ruhusa ya kujaribu magari yanayojiendesha. Mara watu wakavumisha kwamba gari la Apple limeonekana barabarani. Yaliyoonekana ni magari ya Lexus RX450h, yaani haibridi za Toyota, yaliyofungwa vihisi juu ya paa. Leseni ile ilithibitisha jambo moja tu: kampuni inajaribu programu ya kuendesha. Kuhusu bodi, betri au kiwanda haikusema lolote. Juni mwaka huohuo Tim Cook, mkuu wa Apple wakati ule, alikiri hadharani kwamba wanashughulikia mifumo ya kujiendesha, na wengi wakalisikia hilo kama tangazo la gari.

Hataza, yaani hati za kulinda uvumbuzi, ni ushahidi dhaifu zaidi. Kampuni kubwa husajili hataza za milango, vioo na mikanda ya gari hata kama haitaunda chochote, kwa kuwa ada yake kwao ni kidogo na humzuia mpinzani. Habari za kuajiri nazo zinasaidia ukizisoma kinyume. Doug Field, aliyekuja kuuongoza mradi huu, alipotoka Tesla kwenda Apple mwaka 2018, fununu zilipanda. Alipohamia Ford mwaka 2021 wachache walitilia maanani, na hapo ndipo palipokuwa na habari. Mkuu wa mradi akiondoka kabla gari halijatoka, mradi una walakini.

Hata kauli ya kampuni ya magari yenyewe haitoshi. Januari 2021 Hyundai ilisema iko kwenye mazungumzo ya awali na Apple, na hisa zake zikapanda kwa karibu asilimia 20 siku ileile. Haikuchukua muda ikaigeuza kauli, kisha mwezi uliofuata ikasema hakuna mazungumzo yoyote kuhusu gari linalojiendesha. Waliopata faida ni wenye hisa waliouza mapema.

Tazama pia lengo la mradi. Kwa mujibu wa ripoti za habari, Apple kwanza ilitaka gari lisilo na usukani wala pedali. Baadaye ikashuka hadi gari la kawaida lenye msaada wa kuendesha kwenye barabara kuu, na tarehe ikasogezwa hadi 2028. Mradi ukishusha lengo na kusogeza tarehe kwa wakati mmoja, usiuwekee pesa.

Dalili zenye uzito ni tatu: kiwanda chenye jina na mahali, mkataba wa seli za betri, na idhini ya serikali kwa aina hiyo ya gari. Mfano mzuri ni Xiaomi, nayo ni kampuni ya simu. Machi 2021 ilitangaza yenyewe kwamba inaingia kwenye magari na kutenga dola bilioni 10 kwa miaka 10. Novemba 2023 gari lake, SU7, likatokea kwenye orodha ya wizara ya viwanda ya China likiwa na vipimo, uzito, na jina la kiwanda. Machi 2024, mwezi mmoja tu baada ya Apple kufunga, likaanza kuuzwa. Orodha ile ya wizara ina thamani kuliko video 1,000, kwa kuwa hakuna anayepeleka ndoto yake serikalini ikapimwe uzito.

Na hata gari linalotembea si gari linalouzwa. Dyson, wale wa mashine za kufagilia, walitangaza wazi mwaka 2017 na wakaunda gari la majaribio likaendeshwa. Oktoba 2019 wakaacha. James Dyson alisema hakuona namna ya kulifanya lilipe, na pauni milioni 500 zilikuwa zimekwenda.

Sasa tuseme fununu imetimia. Mnunuzi wa Mombasa bado ana vizuizi vyake. Kenya haisajili gari la usukani wa kushoto, isipokuwa magari ya kazi maalumu kama ya zimamoto. Kampuni changa huanza na soko la nyumbani, na masoko ya Marekani na China yote ni ya usukani wa kushoto. SU7 ilitoka hivyo, tena ikiwa na tundu la kuchajia la kiwango cha China. Kizuizi cha tatu ni programu: gari lililoundwa kwa soko la China huzungumza Kichina na huenda lisipate masasisho nje ya huko. Kwa hiyo hata siku gari likizinduliwa kweli, ongeza miaka kadhaa kabla ya kulitarajia bandarini Kilindini.

Leaf basi. Tazama nambari ya chesisi: ikianza na ZE1 ni umbo jipya, na ya 2018 ina betri ya kilowati-saa 40, yaani uniti 40 zilezile unazonunua kwa tokeni. AZE0 ni umbo la zamani, lenye betri ya 24 au 30.

Udhaifu mkubwa wa Leaf ni kwamba betri yake haina mfumo wa maji wa kuipoza, na joto ndilo huila. Mwaka 2012 wenye Leaf wa Arizona, Marekani, walilalamika betri kupungua haraka, na Nissan ikalazimika kuongeza dhamana ya ujazo wa betri. Mombasa hatufiki joto la Arizona, lakini hatuna miezi ya baridi ya kuipumzisha betri.

Nunua kifaa cha OBD2 cha bluetooth, kile kinachochomekwa kwenye tundu la uchunguzi la gari, na programu ya simu ya LeafSpy. Soma SOH, yaani asilimia ya afya ya betri. Kwa gari la umri huu ningetaka 80 kwenda juu. Kisha tazama tofauti ya volti kati ya seli, chaji ikiwa chini ya asilimia 20. Seli moja ikiachwa nyuma kwa zaidi ya milivolti 100, kuna moduli, yaani fungu la seli, inayokufa, hata kama SOH inapendeza. Usiridhike na vile vijisanduku 12 vya dashibodi: cha kwanza huzimika afya ikifika karibu asilimia 85, na wapo wanaofuta kumbukumbu ya betri ili vyote viwake tena. Ufutaji huo huidanganya LeafSpy pia.

Kisichodanganyika ni barabara. Chaji hadi 100, washa AC, nenda Kilifi urudi kwa kilomita 80 kwa saa. Hizo ni kama kilomita 115, na gari litakula uniti 18 hivi. Betri yenye afya itakuwa imetumia asilimia 50 hadi 58. Ikiwa imekula 70, achana nalo. Muuzaji akikataa safari hiyo, amekwisha kukujibu.

Nyumbani, soketi ya kawaida ya ampea 13 haikuundwa kubeba mzigo mkubwa usiku kucha. Plagi hupata moto ikayeyuka, hasa miguu yake ikiwa imeshika kutu ya chumvi. Weka chaja kwenye ampea 10. Kutoka asilimia 20 hadi 80 itachukua kama saa 11, pamoja na umeme unaopotea njiani. Ukitaka haraka, fundi avute laini ya peke yake: waya wa milimita 6 za mraba, breka ya ampea 32, kinga ya uvujaji ya miliampea 30, na erthi iliyopimwa. Karibu na bahari, viungio vya waya vifunguliwe na kusafishwa kila mwaka. Kebo inayokuja na gari kutoka Japani isome kwanza: kibandiko kikisema volti 100 au 200 pekee, usiichomeke kwenye 240 zetu.

Usiliache gari juani likiwa limejaa chaji hadi 100. Chaji usiku, limalizie karibu na alfajiri.

Safari ya Nairobi kwa Leaf ya betri ya 40 siipendekezi. Kilomita 480 zinataka uniti zaidi ya 75, na kupandisha gari la tani moja na nusu hadi mita 1,700 juu ya bahari huongeza nyingine 7 au 8. Utachaji mara mbili au tatu, na kila chaji ya haraka hupandisha joto la betri isiyopozwa, hivyo ya pili na ya tatu huenda polepole zaidi. Kwa Mtwapa, Kilifi na Diani linatosha. Nairobi panda treni ya SGR.

Ukilipa arubuni yadi, risiti iandikwe nambari ya chesisi, SOH mliyoisoma pamoja, na kwamba pesa inarudi yote betri ikishindwa safari ya Kilifi.